Nyumba ya Zamani, Bei ya Kiwanja

Hotel del Coronado imejengwa kwa mbao. Ilifunguliwa mwaka 1888 ufukweni, ng'ambo ya ghuba ya San Diego, kusini kabisa mwa California. Paa lake jekundu na minara yake wengi wamekwisha kuviona bila kufika, kwa sababu filamu ya Some Like It Hot ilipigwa hapo mwaka 1958, Marilyn Monroe akitembea mchangani mbele ya hoteli. Upande wake wa kusini yamesimama maghorofa kumi ya zege yanayoitwa Coronado Shores, yaliyojengwa miaka ya 1970. Ukisimama ufukweni unaona vyote viwili kwa wakati mmoja: jengo lililokuwepo, na jengo ambalo ardhi ya pale ilikuwa ikiitiwa na wenye fedha.

Katika mvutano huo, kodi ya majengo ilikuwa upande wa zege.

Kwa msomaji wa Tanzania jambo hili linaweza kuonekana la ajabu. Kwetu, tangu 2021, kodi ya majengo hukatwa kidogo kidogo kwenye LUKU, na ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, iwe Masaki au Mbagala. Kodi ya namna hiyo haimwongezei mtu sababu ya kubomoa, na haimpi sababu ya kutunza. California ni mambo mengine. Kule kodi ilifuata thamani ya soko, na thamani ya soko haiulizi nyumba ikoje. Inauliza mwenye fedha angefanya nini na kiwanja. Nyumba ya mbao iliyozungukwa na mji unaokua ilithaminiwa kana kwamba tayari ni jengo la ofisi. Mwenyewe hajauza kitu, hajaona hata senti, lakini bili inapanda mwaka hadi mwaka. Akishindwa, anauza. Aliyenunua kafuata kiwanja, na tingatinga halichelewi.

Los Angeles ilikuwa imekwisha kuonja uchungu wa kupoteza majengo, ingawa huko aliyebomoa alikuwa mamlaka yenyewe. Kilima cha Bunker Hill kilijaa majumba ya mbao ya matajiri wa karne ya 19, ambayo baadaye yaligawanywa vyumba vya kupangisha. Mpango wa kulijenga upya eneo hilo ukayafagia. Mawili ya mwisho, The Castle na The Salt Box, yalibebwa mwaka 1969 kwenda kutunzwa mahali panapoitwa Heritage Square. Mwaka haukuisha. Wahuni waliyatia moto, na historia yote ya Bunker Hill iliyokuwa imebaki ya mbao ikawa majivu.

Mtu aliyeleta sheria ya kuzuia hasara za aina hii alikuwa ametoka kwenye makumbusho. James R. Mills, kabla ya kuingia siasa, alikuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Serra mjini San Diego. Alichaguliwa kuwa mbunge wa jimbo mwaka 1960, akahamia Seneti, na kuanzia 1971 akawa kiongozi wa Seneti hiyo. Wakazi wa San Diego wanamkumbuka pia kwa treni nyekundu za umeme zilizoanza kupita mitaani mwao 1981. Alifariki 2021 akiwa na umri wa miaka 93. Ila jina lake linatajwa zaidi na watu wasiojua hata kwamba Mills alikuwa mtu: kwao Mills ni mkataba. Sheria hiyo ilipitishwa 1972, Ronald Reagan akiwa gavana wa California, na kila historia yake inaposimuliwa majengo mawili hayakosi kutajwa: Hotel del Coronado, na Grauman's Chinese Theatre, jumba la sinema la Hollywood lililofunguliwa 1927.

Dawa yenyewe iliazimwa shambani. Mwaka 1965 California ilikuwa imepitisha Sheria ya Williamson kwa ajili ya wakulima wa machungwa na mboga, ambao miji ilikuwa inawafikia na mashamba yao yakitozwa kodi kama viwanja vya nyumba. Mkulima aliahidi kwa mkataba kwamba ataendelea kulima. Serikali nayo ikaahidi kulithamini shamba kama shamba. Sheria ya Mills inafuata njia hiyohiyo, isipokuwa kinachozuiwa kugeuzwa ni nyumba. Mwaka 1976 wapiga kura waliidhinisha katiba ya jimbo irekebishwe ili uthamini wa aina hii uwe na mguu wa kusimamia.

Mkataba huwekwa kati ya mwenye nyumba na jiji au kaunti yake. Nyumba lazima iwe kwenye orodha rasmi ya majengo ya kihistoria, ya mji, ya jimbo au ya taifa. Muda ni miaka kumi, lakini kila mwaka ukipita mwingine unaongezwa wenyewe, kwa hiyo kumi haipungui kamwe. Anayetaka kutoka hutoa notisi, kisha humalizia miaka iliyobaki huku kodi ikirudi juu pole pole. Anayeiacha nyumba iharibike, jiji linaweza kuufuta mkataba na kumtoza asilimia 12.5 ya thamani ya nyumba, faini ambayo kwa bei za California inaweza kumfilisi mtu. Nyumba ikiuzwa, mkataba haufi. Unamfuata mnunuzi kama vile deni linavyomfuata mrithi, ila hili ni deni ambalo watu wanaligombania.

Haikuwa hivyo mwanzoni. Sheria ya kwanza ilidai miaka 20, na ilimtaka mwenye nyumba awafungulie watu wa nje waje kutazama. Hoteli inaweza, maana kazi yake ni kupokea wageni. Lakini baba mwenye watoto watatu na vyombo havijaoshwa, ataanzaje kutembeza watalii sebuleni? Masharti hayo yalilegezwa miaka ya 1980, na miaka ya 1990 San Diego na Los Angeles zikaanzisha mipango yao. San Diego leo ina mikataba zaidi ya 1,000, mingi ikiwa ya nyumba za kuishi: zile za kuta nyeupe na vigae vyekundu zilizoenea baada ya maonyesho makubwa ya mwaka 1915 katika bustani ya Balboa, na zile za mbao zenye varanda pana za mtindo wa Craftsman.

Kazi anazoahidi mwenye nyumba si za kifahari. Ni paa, mabomba, nyaya za umeme za enzi ya babu, mchwa, na kufunga nyumba kwa bolti kwenye msingi wake ili tetemeko lisiihamishe. Ugomvi mkubwa huwa ni madirisha. Fremu ya mbao ikioza inatakiwa irekebishwe. Ikishindikana, ichongwe nyingine ya mbao mfano wake. Dirisha la plastiki ni rahisi na halihitaji rangi, na wakaguzi hawalitaki. Ukaguzi wenyewe ni kila baada ya miaka mitano.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo historia ya sheria hii inapopinda.

Juni 1978 wakazi wa California, wamechoshwa na bili zinazopaa, walipiga kura kupitisha Proposition 13. Tangu siku hiyo kodi ya nyumba ni karibu asilimia 1 ya thamani iliyoandikwa kwenye daftari, na thamani hiyo haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka hadi nyumba itakapouzwa. Ikiuzwa, inaandikwa upya kwa bei ya soko. Maana yake, kile ambacho Mills alikusudia kukizuia, yaani mwenye nyumba kufukuzwa na kiwanja chake mwenyewe, kilizuiwa kwa wamiliki wote wa muda mrefu, wa nyumba za kale na za juzi, miaka sita tu baada ya sheria yake.

Sheria ya Mills ikabaki na kazi gani?

Chukua nyumba mbili pacha katika mtaa mmoja. Ya kwanza ni ya mama mjane aliyekuwa akiimiliki tangu 1975, wakati ilipothaminiwa dola 60,000. Kwa kupanda asilimia 2 kila mwaka, baada ya miaka 45 daftari linasoma karibu dola 146,000, na kodi yake ni kama dola 1,460. Ya pili imenunuliwa juzi kwa dola 1,000,000; kodi yake dola 10,000. Mnunuzi huyo akipata mkataba wa Mills, mthamini anaacha bei ya soko na kuuliza swali jingine: nyumba hii ingepangishwa, ingeingiza nini? Tuseme dola 60,000 kwa mwaka, ukitoa gharama zinabaki 48,000. Kiasi hicho kinagawanywa kwa kiwango kinachojumlisha riba, kodi, uchakavu na hatari ya kumiliki jengo kongwe. Tukichukua asilimia 12, thamani inakuwa dola 400,000 na kodi dola 4,000. Amepunguziwa asilimia 60.

Mjane akiomba mkataba huohuo, thamani yake ya Mills itakuwa ileile 400,000. Mthamini hutumia ile iliyo ndogo kuliko zote, na ya mjane tayari ni 146,000. Hapunguziwi hata dola moja. Atajifunga kwa miaka kumi, atakaguliwa, ataambiwa asiguse madirisha, na mkononi hapati kitu. Naye ndiye mwenye paa linalovuja, na kipato cha uzeeni.

Wakosoaji wamelitazama hilo na kusema huu ni msamaha wa kodi wa wenye uwezo wa kununua nyumba ya dola milioni. Los Angeles ilijaribu kuwajibu kwa kuweka kikomo: nyumba ya familia moja yenye thamani inayozidi dola 1,500,000 ilihitaji ruhusa ya pekee. Lakini kuna tatizo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa, na halisemwi sana. Kodi ya nyumba California hugawanywa baina ya kaunti, shule, jiji na taasisi nyingine. Anayetia saini mkataba ni jiji, ambalo sehemu yake katika kila dola ni ndogo tu. Jiji linapata sifa ya kutunza turathi, na sehemu kubwa ya gharama inaangukia kwa wasiokuwepo mezani. Haishangazi kwamba San Diego haikuwa bahili wa saini.

Hata hivyo nyumba zipo, na mtu akipita Mission Hills au Kensington ataziona zimepakwa rangi, vigae vimekaa sawa. Nyumba ya mjane nayo zamu yake hufika. Anafariki, watoto wanaoishi mbali wanaiuza, daftari linafutwa 146,000 na kuandikwa milioni, na kabla fanicha haijashushwa mnunuzi amekwisha kumtafuta mtaalamu wa kuandaa maombi. Ndipo paa linaezekwa upya. Katika matangazo ya nyumba ya San Diego, baada ya idadi ya vyumba na kabla ya habari za jikoni, utakuta maneno mawili yameandikwa kwa herufi kubwa: MILLS ACT.