Mawe Yaliyobanwa Maabara na Miamba ya Kishapu

Mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulitokana na ugunduzi wa mwaka 1940 wa John Williamson, mjiolojia Mkanada aliyesomea Chuo Kikuu cha McGill, Montreal. Katika chuo hichohicho, Frank Dawson Adams na mhandisi John Nicolson walikuwa wamekwisha kufanya majaribio ya kukandamiza mawe, wakayachapisha mwaka 1901.

Kazi yao ilitaka subira. Nguzo ndogo ya marumaru ya Carrara ilichongwa ikaingizwa katika mrija mnene wa chuma uliopashwa moto; chuma kilipopoa kikaibana barabara. Kisha mashine ikaishindilia kwa juu, pengine kwa miezi. Mrija ulipokatwa, marumaru ilikutwa imetuna kiunoni kama pipa, nayo ingali kipande kimoja. Mwaka 1912 Adams aligeukia graniti: aliitoboa matundu madogo, akaibana katika joto na mgandamizo wa kina kirefu, akahitimisha kwamba uwazi unaweza kudumu ndani yake hata maili 11 chini ya ardhi.

Graniti ya namna hiyo ndiyo msingi wa Kishapu na sehemu kubwa ya Usukuma. Ni gamba kongwe la dunia, kratoni ya Tanzania, lenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mwamba wa kimbalaiti wa Mwadui, uliobeba almasi, wenye eneo la hekta 146 hivi juu ya ardhi, ulilitoboa ukitokea kina cha zaidi ya kilomita 150.

Majaribio ya kubana mawe yalikuja kueleza hata matetemeko ya ardhi, mwaka 1966. Nchini Marekani, William Brace na James Byerlee waliona kwamba graniti yenye ufa, ikibanwa, haitelezi taratibu: hukwama, huchopoka ghafla, kisha hukwama tena. Mwaka 1978 Byerlee akaonyesha kuwa msuguano wa miamba karibu yote hulingana. Unaoponyoka kanuni hiyo ni udongo wa mfinyanzi, ulio mtelezi zaidi. Alama za misuguano ya namna hiyo zimo hata Geita, ambako dhahabu nyingi imo katika kanda ambazo miamba ilikatika na kusuguana zamani, maji ya moto yakapita humo.

Mnamo 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliua watu na kubomoa nyumba Bukoba. Chanzo chake kilikadiriwa kuwa kilomita 40 chini, ilhali mabarani kwingi matetemeko hukomea kilomita 15 au 20, mwamba unapokuwa moto na kulainika. Miamba ya kratoni na ya pembezoni mwake, iliko Bukoba, ina ubaridi zaidi, hivyo huweza kukatika hata katika kina hicho.