Mizani, Mkono Wake na Khiyana Yake

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea kusoma, inuka uende mlangoni. Usishike kitasa, bali usukume ubao karibu kabisa na bawaba, kwa kidole kimoja. Utaona mlango umegoma. Sasa usukume kwa kidole kile kile kwenye ukingo wa mbali. Utafunguka bila ya taabu. Kidole hakikuongezeka nguvu, kilichoongezeka ni umbali wake na bawaba. Basi chukua nguvu, uizidishe kwa umbali huo, na hapo umepata uwezo wa kuzungusha. Nahodha anayevuka mlango wa Ruvuma, pale mkondo wa mto unapokutana na bahari, huijua kanuni hii kwa mikono yake, kwani kana ikiwa fupi usukani humshinda.

Kanuni hiyo hiyo imo ndani ya kila mizani iliyopata kutundikwa katika pwani yetu. Nao Mikindani ulikuwa mji wa mizani. David Livingstone aliposhuka hapo mwezi wa Machi 1866, bandari ile ilikuwa ikipokea pembe na sandarusi kutoka bara, na bidhaa hizo zilihesabiwa kwa frasila, ambayo ni kadiri ya kilo 16. (Watu nao waliuzwa, na aibu hiyo haina jiwe la kuipimia.) Mtu aliyetembea kwa miguu siku nyingi na pembe begani alifika mbele ya mti mmoja ulioning'inizwa katikati, na mti ule ndio uliosema amepata nini kwa safari yake.

Tutazame mti ule. Mizani ya vitanga viwili ni mzunguko unaotaka kutokea ukazuiliwa na mwenzake. Mzigo unavuta upande wake uzunguke chini, jiwe la mizani linavuta upande wa pili, na yakiwa sawa mti hutulia. Lakini, msomaji wangu, yanayolingana hapo si uzito na uzito! Yanayolingana ni uzito mara urefu wa mkono, kwa upande huu na kwa upande ule. Mikono ikiwa sawa ndipo uzito nao huwa sawa.

Na khiyana huingia hapa. Tuseme mfanyabiashara ana mizani yenye mkono mmoja wa sentimita 18 na wa pili sentimita 20. Tofauti hiyo jicho huweza kuipita. Kitanga cha mkono mfupi amekitengeneza kizito kidogo, hata mizani ikiwa tupu inasimama wima, na ulimi wake unaonyesha katikati. Anaponunua, ufuta wako anautia kwenye mkono mfupi na mawe ya kilo 10 kwenye mkono mrefu. Zidisha 10 kwa 20, upate 200. Ugawe kwa 18. Umempa kilo 11 na zaidi, naye anakulipa 10. Jioni anauza mchele kwa mizani ile ile, ila ameugeuza upande, mchele sasa uko kwenye mkono mrefu. Zidisha 10 kwa 18, ugawe kwa 20: mama watoto amerudi nyumbani na kilo 9 akidhani ni 10. Mawe yake ni ya halali, hata ukayapeleka kukaguliwa. Dhulma imejificha katika urefu.

Qurani imelisemea jambo hili kwa ukali, na iko sura nzima iliyopewa jina la wapunjao. Haishangazi basi kwamba wenye elimu wa dola za Kiislamu waliikalia mizani kwa hesabu. Myunani Archimedes alikwisha kuithibitisha kanuni ya mikono karne ya tatu kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Thabit ibn Qurra, aliyefariki Baghdad mwaka 901, aliandika kitabu juu ya karastun, yaani mizani ya mkono mfupi na mkono mrefu. Yeye hakuwa Mwislamu, alikuwa Msabii wa Harran, wala ikulu ya khalifa haikuona haya kumtumia. Mizani yake ni ya ajabu kwa wepesi. Mzigo wa kilo 12 ukiwa sentimita 5 kutoka katikati, jiwe la kilo 1 tu likisogezwa hadi sentimita 60 linautuliza.

Aliyefika mbali kuliko wote ni al-Khazini wa Merv, mtumwa wa asili ya Kirumi aliyeachwa huru. Mwaka 1121 alitoa kitabu chake Mizani ya Hikma. Mizani aliyoieleza ina mti wa urefu wa kiasi cha mita mbili na vitanga vitano, nayo huweza kupima ndani ya maji ikatenga dhahabu safi na iliyochanganywa. Mti mrefu una tabia yake, nayo ni ya kujua. Uzito ulio mbali na katikati ni mgumu kuanza kuzunguka na mgumu kusimama, kwa hiyo mizani kubwa huyumba polepole. Mwenye kusoma ulimi kabla haujatulia anasoma anachotaka yeye.

Kabla yake alikuwako al-Asfizari, aliyejenga mizani ya aina hiyo kwa miaka mingi. Imesimuliwa kwamba mtunza hazina wa Sultan Sanjar aliivunja, kwa kuogopa wizi wake usije ukajulikana, na mjenzi akafa kwa huzuni.

Nasi turudi Mtwara. Tangu mwaka 2007 korosho za mkoa huu huuzwa kwa stakabadhi ghalani, na gunia hupimwa kwenye chama cha msingi. Ile mizani ya jukwaa yenye fimbo ya namba na kijiwe kidogo cha kusogeza ni mjukuu wa karastun. Chini ya jukwaa mna mikono mifupi na mirefu inayolifanya gunia zima litulizwe na kijiwe kile. Wakala wa Vipimo huikagua na kuibandika stika, nawe una haki ya kuitazama stika hiyo na mwaka wake.

Mizani ya vitanga ukiitilia shaka, badilisha: mzigo uende palipokuwa mawe, na mawe yaende palipokuwa mzigo. Mikono isipolingana, itajifichua hapo hapo. Ya jukwaa haina vitanga vya kubadilisha. Hiyo ipime kwa kitu ambacho uzito wake unajulikana, kama mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. Uweke katikati ya jukwaa, kisha kwenye kila pembe, na mara zote ungoje fimbo itulie ndipo uisome.