Maji ya Zamani

Mama alikuja Glasgow Januari kumwona mjukuu, akakuta nyumba baridi. Rejeta ya chuma, si ya gari bali ya ukutani, ilikuwa moto chini, juu baridi kama mtungi. Fundi akasema ati imezeeka, ing'olewe. Bei aliyotaja ingemlipia mama nauli ya kurudi Nyeri.

Ukoo wake ni wa kale kweli. Franz San Galli alibuni rejeta za kupasha nyumba joto huko Saint Petersburg, miaka ya 1850: moto ubaki kando, maji yalete joto chumbani bila moshi.

Jirani mstaafu akaigusa. "Juu baridi ni hewa. Chini baridi ni matope ya kutu."

Tulizima boila, tukangoja ipoe, tukalegeza skrubu ya juu kwa ufunguo mdogo. Hewa ikatoka ssss, kisha maji meusi. Nikataka kuyamwaga yote.

"Wacha! Hayo ndiyo yameitunza."

Kumbe maji yaleyale yakizunguka, oksijeni yake huisha, kutu hupungua. Maji mapya ndiyo hula chuma. Tukaongeza kidogo tu, presha ikarudi.

Usiku mama akaanika leso juu yake. "Na mlitaka kutupa jiko zima!"