Njia Panda ya Himo na swali la rafiki yangu

Himo ni mji wa kuchagua njia. Ukitokea Dar unafika Njia Panda: ukinyoosha unakwenda Moshi na Arusha, ukikata kulia unaingia Himo, na kutoka hapo ni Marangu na Rombo, au Holili mpakani, ng'ambo yake Taveta. Wapiga debe hawakupi muda wa kufikiri.

Hapo, kwenye kibanda cha chai, rafiki yangu tuliyesoma naye aliniuliza: "Mwandishi, wewe si unasoma kila kitu? Niambie basi. Nianze hizi homoni nibadili jinsia, au nisianze?" Alikuwa ameambiwa kuna mtu anauza vidonge bila maswali.

Jamani, nilinyamaza. Jina lake silitaji, wala sisemi alizaliwa akaitwa mvulana au msichana. Kiswahili kinanisaidia kumficha: amekuja, ameondoka, yeye. Lugha yetu haiulizi. Karatasi ndizo zinazouliza: ME au KE?

Mimi si daktari. Nilichoweza ni kurudi kwenye historia na kuuliza: waliotangulia waliamuaje? Na nani aliamua?

Mwaka 1931, mchoraji wa Denmark, Lili Elbe, alifariki mjini Dresden baada ya upasuaji ambao madaktari wenyewe walikuwa bado wanaujaribu. Desemba 1952 magazeti ya Marekani yalimtangaza Christine Jorgensen, aliyewahi kuwa askari, aliyetibiwa Copenhagen. Daktari wake, Christian Hamburger, alipokea barua kutoka kwa watu 465 waliotaka msaada kama huo. Watu 465! Kila mmoja alidhani yuko peke yake.

Mwaka 1979 madaktari walitoa mwongozo wa kwanza, wakitaka barua za wataalamu wa afya ya akili na muda wa kuishi kwanza katika jinsia unayoitaka. Wengi walilalamika kwamba milango imekuwa mingi mno. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipitisha orodha mpya ya magonjwa iliyoliondoa jambo hili kwenye magonjwa ya akili, na ikaanza kutumika 2022. Lakini Aprili 2024, Uingereza, ripoti ya Dk. Hilary Cass ilisema ushahidi kuhusu dawa hizi kwa watoto na vijana wadogo ni dhaifu. Kwa hiyo anayekuambia kila kitu kinajulikana, anakuuzia kitu.

Sasa turudi nyumbani. Uganda, Julius Kaggwa alizaliwa huntha, akalelewa kama msichana. Wakubwa ndio walioamua. Alipokua akaamua mwenyewe kuishi kama mwanamume, na mwaka 1997 akaandika kitabu juu ya maisha hayo. Kenya, mtoto aliyezaliwa 2009 aliandikiwa alama ya kuuliza mahali pa jinsia, kesi ikaamuliwa Mahakama Kuu mwaka 2014. Leo Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 inazuia mtoto huntha kufanyiwa upasuaji wa kumbadili bila ushauri wa daktari bingwa.

Ukihuntha si sawa na hali ya rafiki yangu. Lakini somo linamhusu: uamuzi uliofanywa na wengine, kwa haraka, ndio unaoumiza kwa muda mrefu.

Kesi iliyonigusa zaidi ni ya Audrey Mbugua wa Kenya. Cheti chake cha sekondari kilikuwa na jina la kiume na alama ya jinsia. Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir aliliamuru Baraza la Mitihani limpe cheti chenye jina lake jipya, bila alama ya jinsia. Tazama vizuri: alichopigania pale ni karatasi, si kisu. Jina ni uamuzi mmoja, homoni ni wa pili, upasuaji ni wa tatu. Huhitaji kupanda magari yote kwa sababu umepanda moja!

Hilo ndilo nililomwambia rafiki yangu. Na mengine ya wazi: homoni za kiume zikishaishusha sauti, hairudi. Matiti yakishaota kwa homoni za kike, hayaondoki bila upasuaji. Uwezo wa kuzaa unaweza kupotea, hivyo swali la watoto huulizwa kabla, si baada. Vidonge vya uzazi wa mpango vinavyomezwa kwa kubahatisha vinaweza kugandisha damu. Pia hapa Tanzania hakuna sheria ya kukubadilishia jinsia kwenye nyaraka, kwa hiyo kila benki na kila kituo cha polisi utaulizwa. Hayo si ya kumzuia mtu mzima. Ni ya kumwezesha kuamua macho yakiwa wazi, akiwa na daktari anayempima na walau ndugu mmoja anayejua.

"Kwa hiyo hujanijibu," akasema.

"Sijakujibu. Jibu ni lako. Ila usilinunue kwa mtu asiyeuliza maswali."

Akacheka kidogo, akamaliza chai. Alisema ataanza kwa kupima damu, na atamwambia dada yake. Kisha akapanda Noah ya Moshi.

Wewe msomaji wangu, ungemjibu nini?