Grace Ibingira: Waziri wa Sheria aliyewekwa kizuizini bila kesi

Grace Stuart Katebarirwe Ibingira alizaliwa mwaka 1932 katika ufalme wa Ankole, uliokuwa na makao yake Mbarara na uliojumuisha pia Rugaaga na Nakivale. Alisomea sheria Uingereza, kisha akaingia bungeni kwa tiketi ya chama cha UPC, wakati ambapo Nakivale ndiyo kwanza ilikuwa ikiwapokea wakimbizi kutoka Rwanda.

Alikuwa miongoni mwa waliojenga ushirikiano wa UPC na Kabaka Yekka, muungano ulioiongoza Uganda hadi uhuru wa tarehe 9 Oktoba 1962. Akiwa Waziri wa Sheria ndiye aliyependekeza bendera ya nyeusi, manjano na nyekundu inayopepea mpaka leo.

Mwaka 1964, katika mkutano wa chama mjini Gulu, alimshinda John Kakonge na kuwa katibu mkuu. Ushindi huo ulimpa nguvu, na pia ulimfanya mpinzani wa Waziri Mkuu Milton Obote ndani ya chama kimoja.

Mvutano ulifika kileleni Februari 1966, baada ya mbunge Daudi Ocheng kuwasilisha hoja ya kutaka uchunguzi kuhusu dhahabu ya Congo. Tarehe 22 Februari, Ibingira na mawaziri wenzake wanne, Balaki Kirya, Mathias Ngobi, George Magezi na Emmanuel Lumu, walikamatwa wakiwa katika kikao cha baraza la mawaziri. Muda mfupi baadaye, Obote aliisimamisha katiba.

Kilichofuata kinasomwa hadi leo na wanafunzi wa sheria. Mawaziri hao walizuiliwa kaskazini mwa nchi chini ya sheria ya kuwahamisha watu kwa nguvu, iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza. Walikwenda mahakamani, na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ikaamua kwamba sheria hiyo ilikiuka katiba. Ulikuwa ushindi wa karatasi tu: walipelekwa Buganda, ambako hali ya hatari ilikuwa imetangazwa, wakazuiliwa upya kwa kanuni nyingine.

Ibingira aliachiliwa mwaka 1971, Idi Amin alipotwaa madaraka. Amin alimteua balozi katika Umoja wa Mataifa, lakini baadaye Ibingira aliachana na utawala huo na kuishi uhamishoni. Mwaka 1973 alichapisha kitabu kuhusu safari ya kikatiba ya Uganda. Alifariki dunia mwaka 1995.