Chuma Kinachopita Chini ya Kigae

Mapaa ya mawe ya Wales husimuliwa zaidi kwa upande wa machimbo. Tunasikia habari za Penrhyn na Dinorwic, za milima iliyokatwa ngazi kwa ngazi, na za mgomo wa wachimbaji wa Penrhyn wa 1900 hadi 1903 uliowatia uadui majirani wa Bethesda, makazi ya wachimbaji hao. Mwaka 2021 UNESCO iliitia mandhari hiyo katika orodha ya urithi wa dunia, na ilistahili. Lakini kigae cha sleti, jiwe lile lile walilochongewa watoto wa shule vibao vya kuandikia, kikishashuka mlimani huishi juu ya nyumba kwa muda unaozidi umri wa aliyekichimba. Sifa hiyo ya kudumu karne nzima na zaidi hupewa jiwe. Naona jiwe linapewa sifa ambayo nusu yake ni ya fundi wa matengenezo na chuma chake cha kuchopolea misumari.

Tazama paa lenyewe lilivyopangwa. Kila safu hulalia ile ya chini yake, na sehemu ya juu ya kigae hufunikwa na safu mbili zinazofuata, ili maji yasikute popote jiwe la unene mmoja. Misumari hupigwa katika sehemu hiyo iliyofunikwa. Mpango huu ni mzuri kwa mvua na ni mateso kwa mwenye kutengeneza: kigae kikipasuka katikati ya paa, misumari yake iko chini ya vigae vizima, na kwa nyundo ya kawaida hutaifikia ila kwa kuezua safu za juu. Jawabu la mafundi lilikuwa bapa la chuma refu na jembamba, lenye meno ya kunasa nchani na mpini ulioinuliwa juu kidogo ya bapa. Hupenyezwa chini ya vigae, meno yakashika msumari, kisha mpini ukagongwa kwa nyundo kuelekea chini hadi msumari ukatike au ung'oke. Kigae kibovu huteremka chenyewe. Kipya hukatwa kwa kisu kizito chenye mwiba mgongoni. Kwa vigae vya kupigiliwa, mwiba huo hutoboa tundu kwa upande wa nyuma, ili jiwe limeguke kwa mbele na kuacha kishimo cha kuzamisha kichwa cha msumari. Ujuzi wote huo, na mwenye nyumba aliye chini anasikia kelele tu.

Atakuja mtu aseme chombo hiki hakithibitishi lolote, kwa kuwa jiwe zuri halipasuki ovyo. Ni kweli halipasuki ovyo. Kinachokufa kwanza ni msumari. Mapaa mengi yaliyopigwa misumari ya chuma yalianza kuangusha vigae vizima kabisa baada ya misumari kuliwa na kutu, na ndiyo maana sleti kuukuu ina soko lake hadi leo: paa limechoka, mawe bado. Misumari ya shaba ilipunguza tatizo hilo, ila ni ghali. Hapa ndipo ninapoiona sababu ya chuma chetu kuwepo. Chombo cha kutoa kipande kimoja kimoja huhitajika pale ambapo sehemu za paa hazifi pamoja. Makuti ya pwani yetu huoza kwa wakati mmoja pamoja na kamba zake, kwa hiyo mwezekaji huezua yote na kuanza upya, wala hana haja ya kubuni ndoana ya kuokoa kuti moja.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Kigae cha kubadilisha hakiwezi kupigiliwa kama cha kwanza, maana mahali pa msumari pamefunikwa. Hushikiliwa kwa utepe wa risasi au shaba uliopigiliwa kwenye mwanya wa chini, kisha ncha yake ikakunjwa kushika ukingo wa kigae. Risasi ni laini, na theluji ikiteleza huweza kuinyoosha. Basi je, huku si kutia viraka tu? Ni viraka, nakubali, na paa lililojaa tepe za risasi linaomba kuezuliwa. Hata hivyo kiraka hicho kinaweza kurudiwa, kwa kazi ya muda mfupi, bila kumgusa jirani wa kigae.

Linganisha na Marekani, ambako vigae vya lami, vilivyoanza kukatwa Michigan mwanzoni mwa karne ya 20, vilishika soko la nyumba za kawaida. Siku hizi vingi vina mstari wa gundi unaoyeyuka kwa jua na kukibandika kigae kwa mwenzake, jambo linalofaa sana dhidi ya upepo. Kuvibandua fundi hutumia mtaimbo mdogo bapa, na hufaa afanye hivyo asubuhi kukiwa na baridi, gundi isiwe laini. Zikipita kama miaka 20 au 30, lami imekauka paa zima, na mtaimbo huachwa kwa koleo la kukwangulia vigae vyote hadi kwenye mbao.