Nyani wa Mara na Presha ya Kodi

Mwaka nilioacha chuo, tumbo ndilo lilijua kwanza. Kabla sijamwambia mama kwamba jina langu halimo kwenye orodha ya mtihani, nilikuwa tayari nashindwa kumaliza sahani ya ugali. Karo ilikuwa na deni, mkopo wa simu ulikuwa umepitisha tarehe, na kila simu ikitetema, moyo nao unaruka. Kwenye zahanati ya mtaani daktari aliniuliza, "Unawaza sana?" Nikacheka. Nani hawazi Nairobi hii?

Baadaye, nikiwa na muda mwingi na pesa kidogo, nilianza kusoma kuhusu hilo swali lake. Kumbe lina historia ya zaidi ya miaka mia moja, na sura yake moja imeandikwa hapa kwetu, Maasai Mara.

Lakini inaanzia mbali, Boston. Mwaka 1896, mwanafunzi wa udaktari pale Harvard, Walter Cannon, alianza kutumia eksirei kutazama jinsi chakula kinavyopita mwilini mwa wanyama. Eksirei yenyewe ilikuwa imegunduliwa mwaka mmoja tu kabla. Alipowalisha paka chakula kilichotiwa dawa ya kukifanya kionekane kwenye picha, akaona jambo ambalo hakuwa analitafuta: paka akiogopa au kukasirika, tumbo linasimama. Halisagi tena. Paka akitulia, linaendelea na kazi.

Cannon alifuatilia jambo hilo kwa miaka. Mwaka 1911, yeye na mwenzake walionyesha kwamba paka aliyebwekewa na mbwa ana adrenalini kwenye damu. Mwaka 1915 akaandika kitabu kizima. Maelezo yake ni haya: hatari ikitokea, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini. Moyo unaenda mbio, ini linatoa sukari, damu inatoka tumboni kwenda kwa misuli. Mwili unajiandaa kupigana au kutoroka. Na ina maana, manake mtu anayekimbizwa na nyati hana haja ya kusaga githeri saa hiyo.

Sasa shida ni kwamba nyati anakukimbiza dakika chache. Ama umepona, ama basi. Kodi ya nyumba inakukimbiza mwaka mzima.

Aliyeshughulikia huo mwaka mzima ni Hans Selye, mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Montreal, Kanada. Alikuwa anawadunga panya dawa iliyotolewa kwenye ovari, akitafuta homoni mpya. Panya wakapata vidonda vya tumbo, tezi za juu ya figo zikavimba, na tezi za kinga ya mwili zikasinyaa. Akadhani amegundua kitu. Lakini alipowaweka panya wengine kwenye baridi, au kuwachosha kwa mazoezi, matokeo yakawa yale yale. Mwaka 1936 alichapisha barua fupi kwenye jarida la Nature akieleza hatua tatu: mwili unashtuka, kisha unavumilia, mwisho unachoka kabisa. Hicho ndicho tunachokiita leo msongo.

Selye alikosea mahali. Vidonda vingi vya tumbo, kama walivyoonyesha Marshall na Warren wa Australia miaka ya 1980, vinaletwa na bakteria. Msongo unavizidisha tu. Kuna lingine la kusikitisha: nyaraka za kampuni za sigara zilizofichuliwa baadaye zinaonyesha kwamba Selye alipokea pesa zao, na jina lake likasaidia kuuza wazo kwamba sigara inatuliza mtu. Kwa hivyo hata "njia za kupunguza msongo" zina wauzaji wake. Nikisoma hapo nilikumbuka miraa na sigara za rejareja tulizokuwa tukigawana hosteli wiki ya mtihani.

Mwaka 1978 kijana Mmarekani wa miaka 21, Robert Sapolsky, alikuja Kenya kuchunguza nyani wa Mara. Alirudi huko karibu kila mwaka kwa zaidi ya miaka 20. Alikuwa anawapulizia mishale midogo ya dawa ya usingizi, anawatoa damu na kupima kotisoli, homoni nyingine ya msongo. Nyani wale hupata chakula chao kwa saa chache tu. Muda unaobaki wanasumbuana wao kwa wao. Madume wa chini, wanaopigwa na wakubwa bila sababu, walikuwa na kotisoli nyingi hata siku ambayo hakuna kilichotokea. Miili yao ilikuwa inangoja kofi.

Kisha katikati ya miaka ya 1980 kifua kikuu kikaingia. Kilitoka kwenye jalala la hoteli moja ya watalii, kwenye nyama mbovu. Katika kundi moja alilokuwa akilifuatilia, madume waliokuwa wakienda jalalani kupigania mabaki ni wale wakali, na wao ndio waliokufa. Karibu nusu ya madume wote. Waliobaki walikuwa wapole, na majike wengi. Kundi likatulia: vita vikapungua, kuchambuana manyoya kukaongezeka.

Miaka kumi baadaye madume wote wa wakati ule walikuwa wameondoka au kufa. Waliokuwepo walikuwa wageni kutoka makundi mengine, kama ilivyo desturi ya nyani dume. Lakini utulivu ulibaki. Wageni walipokelewa vizuri wakajifunza upole. Na damu za madume wa chini hazikuonyesha tena ule msongo. Sapolsky na mwenzake walichapisha haya mwaka 2004.

Mimi nilikuwa nimejaribu ushauri wote. Kutoa pumzi polepole kunasaidia kweli, moyo unashuka. Kutembea kunasaidia, na usingizi pia. Lakini ukimaliza kupumua, kufuli ya landilodi bado iko mlangoni. Nyani wa chini hakuponywa na mazoezi ya pumzi. Aliacha kupigwa, na akapata wa kumchambua manyoya.

Nilimwambia mama siku ya Jumapili, akichambua sukuma. Hakuinua kichwa kwa muda. Kisha akasema, "Na ulikuwa unangoja nini kuniambia, babangu?" Nikahamia kwa binamu yangu Kayole, tukawa tunagawana kodi watu watatu. Deni la karo bado lipo. Simu ikitetema bado nashtuka kidogo. Lakini jioni ile kwa mama nilikula ugali nikamaliza, nikaomba nyongeza.